Kemshafti za Mtalaka

Watu wa Kibiti walikuwa na desturi ya kungoja mpaka pikipiki ife kabisa ndipo waipeleke kwa Haidari. Si kwamba hakuwa fundi. Fundi alikuwa, tena wa kutajwa mpaka Utete. Ila kazi yake haikupatikana bila matusi kutangulia. Mtu amesukuma pikipiki mchangani jua kali, jasho linamchuruzika, anafika kwenye kibanda cha makuti nyuma ya soko, anatoa salamu, Haidari anaitazama pikipiki, anamtazama mwenyewe, anaitazama tena pikipiki, halafu anauliza, "Nani aliyekuuzia uchafu huu?" Na kama aliyekuuzia ni kaka yako, basi na kaka yako atapata fungu lake hapo hapo.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Maduka yaliyozoea kukaa na mche mmoja wa sabuni yalianza kufurika redio, viatu vya plastiki na vitenge vya kila rangi, na pikipiki ndogo za Kijapani zikawa zinateremshwa kwenye malori kama mbuzi. Haidari aliziita cherehani. Vijana waliozipanda aliwaita washonaji. Yeye alijifunza kazi Dar es Salaam, Gerezani, kwa fundi mmoja wa Kihindi aliyekuwa akitengeneza pikipiki za mashindano ya Jumapili, enzi ambazo Triumph na BSA zilikuwa bado zinanukia rangi, na kwa maoni yake injini za kweli zilikwisha kutengenezwa zamani. Zilizokuja baadaye zilikuwa kelele tu.

Mtu ambaye Haidari alimdharau kuliko wote alikuwa Salima, mtalaka wake. Walikaa pamoja miaka mingi. Salima alikuwa akishinda kibandani anamwoshea vyuma kwa mafuta ya taa, kwa hiyo akajua jina la kila chuma na kila chuma kinakaa wapi. Siku moja, mbele ya wateja, alimwambia kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayemwambia mtu kifungo kimefunguka, "Hiyo ringi ya pistoni umeigeuza. Juu yake iko chini." Ringi ilikuwa imegeuzwa kweli. Hilo ndilo lililomuudhi. Talaka ilitoka kabla mwezi haujaandama.

Salima alikalia eda yake kwao Bungu, kisha akauza korosho na ndizi barabarani. Gereji moja ya umma ilipofilisiwa na vitu vyake kunadiwa, wakati wanaume wanagombania meza na matairi, yeye alinunua rundo la vyuma ambalo hakuna aliyelitaka. Sasa alikuwa na kibaraza cha bati kando ya barabara kuu, spea zimepangwa juu ya majamvi kama nyanya. Haidari akipita Bungu kwenye lori alikuwa anageuza uso upande wa pili.

"Mwanamke anauza vyuma kwa mafungu," alisema. "Bado kidogo atauza pistoni kwa kibaba."

Basi siku moja alikuja kibandani kwake Mudathiri, mtu wa Mbwera huko deltani, mnene, mpole, mwenye boti ya kubebea watu na mpunga. Alikuwa amemtwisha mchukuzi gunia, na gunia lilipotuliwa na kufunguliwa, ikatokea injini ya Triumph ya silinda mbili, kuukuu, imeota chumvi.

Haidari aliinama akaipangusa kwa kiganja. Uso wake ukalainika, jambo ambalo waliokuwepo hawakuwa wamelizoea.

"Pikipiki yake iko wapi?"

"Haina pikipiki, fundi. Inakaa kwenye boti."

"Kinachokaa kwenye boti ni nini?"

"Hiyo hiyo. Wapimaji wa mto walimwachia marehemu baba pikipiki yao walipoondoka. Fremu ikaoza. Nikasema injini isipotee bure, nikaiunga kwa mnyororo mpaka kwenye pangaboi. Inasukuma vizuri tu. Ilikuwa inasukuma."

Haidari alisimama, akajifuta mikono polepole.

"Mudathiri, injini hii imetengenezwa ipigwe na upepo kifuani. Wewe umeifungia botini kama kuku wa kuuza."

"Nimeiwekea feni."

"Feni!" Haidari aliwageukia watu waliokuwa wameketi kivulini. "Mmemsikia? Ameiwekea feni. Kesho ataitandikia na kitanda."

Watu wakacheka, na Mudathiri naye akacheka, maana mwenye shida hana la kufanya. Injini ilikuwa imeishiwa nguvu, haipandi tena mkondo hata boti ikiwa nusu tupu. Na Ijumaa iliyokuwa inakuja alikuwa amekubali kumvusha bwana harusi, Nassibu wa Nyamisati, pamoja na jamaa zake, kwenda Mbwera kuoa.

Haidari alipoifungua aliona ugonjwa mara moja. Injini ya namna ile ina kemshafti mbili: ya mbele ni ya valvu za kutolea moshi, ya nyuma ni ya valvu za kuingizia petroli na hewa. Kila moja ni mtaimbo mfupi wenye nundu. Mtaimbo ukizunguka, nundu inanyanyua tapeti, tapeti inanyanyua fimbo, na fimbo ndiyo inayofungua valvu. Nundu za Mudathiri zilikuwa zimelika mpaka zikabaki mabega. Valvu zilikuwa zinafunguka kama mlango wa mtu mchoyo.

"Hizi hazina dawa," alisema. "Zinatakiwa nyingine."

"Nitazipata wapi?"

Dar es Salaam maduka ya spea yalikuwa mengi siku zile kuliko misikiti, lakini yote yalijaa vyuma vya cherehani. Mzee mmoja aliyekuwa akingojea baiskeli yake, Mohamedi jina lake, ndiye aliyejibu bila kuulizwa.

"Bungu zipo. Kwa Bi Salima. Nimeziona kwa macho yangu, amezifunga kwenye kipande cha khanga."

Haidari alitema mate pembeni, akachukua shati lake msumarini.

Alimkuta Salima ameketi kwenye kigoda anapanga viwambo vya klachi kwa ukubwa. Alikuwa amenenepa kidogo, na alikuwa na kalamu nyuma ya sikio, jambo lililomkera Haidari kuliko unene.

"Salaam aleikum."

"Aleikum salaam, Bwana Haidari. Umepotea njia?"

"Nimeambiwa una kemshafti za Triumph. Nimekuja kuhakikisha kwamba si kweli."

Salima aliinuka, akaingia ndani, akarudi na furushi la khanga. Alilifungua juu ya jamvi. Zilikuwa kemshafti nne, zimepakwa grisi nzito, nyeusi, hazina hata tone la kutu. Haidari alikaza uso ili usionyeshe kitu.

"Mbili za kuingizia, mbili za kutolea," Salima alisema. "Za kuingizia ni hizi zenye mkato huku mwishoni, unaoshika kile kisahani cha kupumulia injini. Zinatoka pea mbili, na pea hazifanani."

"Najua mkato, mwanamke."

"Najua unajua. Injini yenyewe ya kazi gani?"

"Kazi ya pikipiki ni nini, kama si kwenda?"

"Kuna kwenda na kwenda. Pikipiki ya padri inaenda na padri. Ya muuza samaki inaenda na matenga. Hiyo yako ni ya nani?"

Hapo Haidari angesema tu kwamba injini ni ya boti, na kisa hiki kisingekuwepo. Lakini kulikuwa na vijana wawili wanachagua plagi jamvini, na kwenye mdomo wake neno boti lilikuwa na ladha ya aibu. Yeye, aliyewahi kushika Triumph za mashindano, aje kumwambia mtalaka wake kwamba anatengeneza mtambo wa kuvusha magunia ya mpunga, tena wenye feni ya bati?

"Ni ya pikipiki," alisema. "Ya mtu mmoja. Mwepesi."

Salima alichukua venia, kile kipimo cha chuma cha mafundi, kwenye mfuko wa gauni. Akapima kemshafti moja kutoka mgongoni mpaka ncha ya nundu, akapima tena pale penye duara tupu, akatoa, akasoma midomo ikichezacheza. Kisha akafanya vile vile kwa ya pili. Haidari hakupima. Aliigeuza moja yenye nundu ndefu kwenye mwanga, akakitafuta kigurudumu kidogo kilichogongwa kando ya nambari, akakiona, na moyo ukamruka kama wa kijana. Alama ile mara ya mwisho aliiona Gerezani.

"Hizo ni za mbio," Salima alisema. "Nundu ndefu, tumbo pana. Valvu inawahi kufunguka na inachelewa kufunga. Injini ikizunguka sana, raha tupu. Ikienda polepole na mzigo, inatapika petroli kwenye kabureta na haivuti kitu. Mwenye mzigo mchukulie hizi fupi."

"Nani amekufundisha maneno hayo?"

"Wewe. Ulikuwa unayasema kila Jumapili ukishakula."

"Basi ulisikia nusu."

"Nilisikia yote. Ulikuwa unayarudia."

Mmoja wa wale vijana alikohoa kuficha kicheko. Haidari akazifunga zile ndefu kwenye gazeti.

"Nikitaka kuchagua nyanya nitakuomba ushauri," alisema. "Kwenye nundu niachie mwenyewe."

"Haya. Ila nakuuliza mara ya mwisho, usije ukasema sikukuuliza. Mzigo haupo?"

"Haupo."

Salima alimtazama kama anavyotazamwa mtu anayenunua kiatu kidogo kwa kuwa kinang'aa. Kisha akapokea fedha yake, akakaa kigodani akaendelea na viwambo vyake.

Injini ilifungwa upya, ikapandishwa kwenye meza ya magogo kibandani, ikatiwa petroli. Haidari aliipiga teke. Ilianza kwa shida, inakohoa, inazima, inashika tena. Lakini alipoifungulia ilitoa mlio ambao Kibiti ilikuwa haijausikia tangu Wazungu waondoke. Watu walitoka sokoni kuja kuona. Kuku wakakimbia. Haidari alisimama kando ameshika kiuno, kidevu juu, na kwa jinsi alivyowatazama ungedhani wote wale wamekuja kumwomba radhi.

Mudathiri peke yake hakuwa na furaha kamili.

"Fundi, mbona ukiipunguza inazimika?"

"Hii si mbuzi, haikutengenezwa kupunguzwa."

"Tusiijaribu kwanza na mzigo? Tungeweza kwenda na magunia kidogo tu..."

"Mzigo ni wewe na maswali yako," Haidari akamwambia. "Ifunge kwenye hilo sinia lako. Na Ijumaa nakuja mwenyewe, niwaone watu wa deltani wanavyosikia injini kwa mara ya kwanza."

Ijumaa alifika Nyamisati amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, ndani ya lori lililojaa barafu ya wanunuzi wa kamba. Watu wa harusi walikuwa wamekwishapanga mabegi, masinia na mafungu ya mahari kwenye boti. Nassibu bwana harusi alikuwa na kanzu mpya na kilemba, anatembea kama aliyebeba mayai. Kina mama walikuwa wengi, na mkubwa wao alikuwa shangazi yake bwana harusi, Bi Sijaona, mwanamke mfupi mwenye sauti inayovuka mto bila boti.

"Huyu ndiye fundi?" aliuliza akimtazama Haidari kutoka viatuni kwenda juu. "Mbona kavaa kama karani wa pamba?"

Haidari hakuwa mtu wa kujibizana na wanawake wa pwani mbele ya watu. Aliingia nyuma, karibu na injini, akaipiga teke mara nyingi kuliko alivyopenda kuonekana. Iliposhika, Mudathiri aliunganisha klachi kwa uangalifu, pangaboi likaanza kuzunguka, na mara ile injini ikakohoa ikazima. Wakaanza upya. Ikazima tena. Wakati huo maji yalikuwa yamekwisha kujaa na yameanza kurudi, na wenyeji walikuwa wanayatazama bila kusema. Mwishoni Haidari akasukuma boti kwa upondo mpaka ikapata mwendo, akaifungulia injini yote, na hapo ndipo walipoondoka, kwa mlio mkubwa na moshi, huku vigelegele vikipigwa, na Haidari akaona dunia imerudi mahali pake.

Ilirudi kwa muda mfupi. Njia ya Mbwera inapita kwenye vijito vinavyokatana katikati ya mikoko. Kimoja maji yanakusukuma, kingine yanakurudisha. Kwenye kijito cha kwanza boti ilikwenda vizuri kwa sababu maji yenyewe ndiyo yaliyokuwa yanakwenda. Walipokata kona kuingia kijito cha pili, mkondo ukawapiga usoni. Injini ikashuka sauti. Haidari alifungua petroli zaidi, na badala ya kupanda, ikaanza kupiga chafya. Kabureta ikawa inatema ukungu wa petroli kwenye shati jeupe. Boti ikasimama pale pale, inanguruma, haiendi mbele wala nyuma, kama mtu anayegombana na ukuta.

"Sasa tunakwenda au tunasikiliza?" Bi Sijaona akauliza.

"Mama, kaa kimya fundi afanye kazi," Mudathiri alisema.

"Nimekaa kimya tangu Nyamisati. Ndiyo maana tumefika hapa."

Injini ikazima. Mkondo ukaishika boti, ukaigeuza kiubavu, ukaipeleka taratibu kwenye mizizi ya mikoko, na hapo ikakaa juu ya tope. Haidari alipiga teke mpaka mguu ukamtetemeka. Maji yakaendelea kupwa bila kumjali. Baada ya muda boti ilikuwa imelala upande, na kuizunguka hapakuwa na kitu ila tope jeusi linalometameta na kaa wanaotoka kuchungulia harusi.

Hapo wanawake wakaanza kuimba. Hawakupanga, mmoja alianza kwa sauti ndogo, wengine wakapokea, na upatu wa harusi ukapatiwa kazi:

*Tulimwomba fundi atuvushe,*
*fundi katuletea ngurumo.*
*Mvua haionekani,*
*na nguo zimeloa petroli.*

Waliimba huku wanacheka mpaka wengine wakafuta machozi. Nassibu bwana harusi hakucheka. Alikuwa anafikiria shehe anayemngoja Mbwera na pilau inayopoa. Hatimaye walipita wavuvi wa kamba na mitumbwi yao kwenye mfereji uliobaki na maji, wakaitwa, wakakubali kuwachukua. Lakini kutoka botini mpaka mfereji ulipo ilikuwa tope la mapaja, na bwana harusi alilivuka na kanzu yake mpya, kilemba mkononi, huku Bi Sijaona akimshika kwapa.

Alipokuwa anapanda mtumbwi, Bi Sijaona aligeuka nyuma.

"Wewe karani," alimwita Haidari. "Siku nyingine ukitaka kututisha, njoo na ngoma. Ni nyepesi kubeba."

Kisha wakaondoka, na wimbo ukaendelea kusikika nyuma ya mikoko hata baada ya wao kutoonekana.

Haidari na Mudathiri wakabaki kungoja maji. Jua lilikuwa kali. Haidari alikaa ukingoni akatafuta wa kumdharau. Alimfikiria Bi Sijaona, lakini Bi Sijaona alikuwa amesema kweli. Akamfikiria Mudathiri na feni yake, lakini feni ilikuwa imezunguka vizuri wakati wote. Alifungua kifuniko cha tapeti kwa desturi tu ya mikono, akazitazama, ingawa hakuhitaji kutazama. Alikuwa amejua tangu chafya ya kwanza. Pangaboi halimwachii mtu nafasi: injini inabanwa tangu inapoanza kuzunguka, na nundu za mbio hazina nguvu huko chini. Jambo hilo alilijua tangu ujana wake. Alikuwa akilihubiri kila Jumapili akishakula.

Mudathiri alikuwa ametoa mkate wa kumimina kwenye kitambaa. Akakata, akampa kipande. Walikula. Kisha Mudathiri akauliza kwa upole ule ule wake.

"Fundi, kule Bungu, yule mama hakukuuliza injini ni ya nini?"

Haidari alipangusa makombo magotini.

"Aliuliza."

"Ukamwambia ni ya boti?"

"Nilimwambia ya pikipiki."

Mudathiri aliweka mkate wake chini. Uso wake wa mviringo, ambao siku zote ulikuwa tayari kucheka kila anapochekwa, ukawa mgumu.

"Uliionea haya boti yangu," alisema. "Boti hii imelisha watoto wangu. Mama yangu alipougua nilimpeleka hospitali kwa boti hii, akarudi mzima kwa boti hii. Wewe kutaja jina lake tu mbele ya mtu umeona haya, ukatutia sote topeni." Akageuka upande. "Ukimaliza mkate huo, fundi, usiseme na mimi mpaka maji yarudi."

Haidari hakuwahi kudharauliwa na mtu mpole. Ilimuuma mahali ambapo hakujua kwamba panauma.

Wiki iliyofuata alisimama tena mbele ya kibaraza cha Salima. Palikuwa na watu, tena wengi, na habari ya harusi ilikuwa imeshafika kabla yake. Alilitambua hilo kwa jinsi walivyonyamaza. Salima alikuwa anamuuzia mtu mnyororo. Alimaliza kwanza, akapangusa mafuta kwenye vidole, ndipo akamtazama.

"Nimekuja kuchukua zile fupi," Haidari alisema.

"Za kazi gani?"

Alitazama chini, akatazama barabarani, akatazama watu.

"Za boti."

Kicheko kilipasuka, kikapanda mpaka ng'ambo ya barabara. Salima hakucheka, na Haidari angependelea acheke.

"Kumbe neno lenyewe fupi hivyo," alisema. "Haya sikiliza. Kemshafti zangu hazitoki hapa tena mikononi mwako. Injini ndiyo ije. Nitaifunga mimi, wewe utashika spana."

"Mimi nikushikie spana?"

"Ama umwambie Mudathiri atweke tanga."

Injini ililetwa. Waliifungua kwenye kibaraza kile, mchana kweupe, wapita njia wote wanatazama. Salima alipima kila kitu upya, na hakupitisha chuma bila kipimo. Alipofika kwenye tapeti alizigeuza zote, akazipitishia kucha usoni.

"Hizi uliziacha zile zile?"

"Zilikuwa nzima."

"Zilikuwa nzima kwa nundu za zamani. Zimezoea kutembea kwenye mashimo yake. Umemvika mtu suruali mpya na kiatu cha marehemu." Akachagua nyingine kwenye kopo. "Na unaitwa fundi."

Haidari aliposhika gia za taimingi, zile zinazozungusha kemshafti, kuzipanga alama kwa alama, mikono yake ilifanya kazi yenyewe, safi, haikosei, na Salima alitazama bila kuingilia. Hilo moja hakumsahihisha. Hakumsifu pia.

Siku ya kuijaribu, Salima alikwenda mwenyewe Nyamisati, kwa kuwa, alivyosema, hataki kuletewa habari na mtu anayeona haya. Mudathiri alipakia magunia ya mpunga mpaka boti ikakaa chini majini. Injini ilishika kwa teke la kwanza, ikasimama inanong'ona, *pu-pu-pu*, kama mzee anayekunywa uji. Hapakuwa na ngurumo. Mudathiri alipounganisha klachi, ilitikisika kidogo, ikazama kwenye kazi, na boti ikaanza kwenda. Maji yalikuwa yanakuja kwa nguvu. Boti iliyapanda taratibu, nzito, bila kulalamika, ikakata kona, ikaondoka machoni, na baada ya muda ikarudi kwa mwendo ule ule. Mudathiri alikuwa amesimama nyuma na usukani, anacheka peke yake.

Alimtilia Salima ndoo ya mchele na tenga dogo la kamba. Haidari alipewa mkono.

Lori la Bungu lilikuwa limekwisha kuwashwa. Salima alipanda mbele. Haidari alimpandishia sanduku lake la vifaa, akasimama dirishani.

"Salima. Nyumba ile bado ipo."

"Najua ipo. Niliifagia miaka mingi."

"Nasema tu, kama..."

"Kesho kutwa inaletwa BSA ya mwalimu mmoja wa Utete," Salima alimkatiza. "Inagonga kama mdai mlangoni. Nundu zake sijaziona bado. Ukitaka kazi, njoo. Nitakulipa kama ninavyowalipa wengine. Nyumba yako baki nayo."

Haidari alizunguka nyuma ya lori kupanda. Dereva alikuwa amesimama pale anafunga turubai, na Haidari, kabla hajaweka mguu, alitega sikio kwenye injini, mdomo ukamtangulia.

"Nani anayekutengenezea uchafu huu? Valvu ya pili inagonga."

Dereva aliacha turubai. "Teremka," alisema, ingawa Haidari alikuwa hajapanda. "Nenda kwa miguu, fundi wa ngurumo." Akazunguka akaingia kwenye usukani, akatia gia.

Lori lilikwenda hatua chache likasimama. Salima alikuwa ametoa kichwa dirishani.

"Mwache apande," alimwambia dereva. "Mdomo wake hauna dawa, ila nina kazi naye."

Haidari alipanda. Nafasi iliyobaki ilikuwa juu ya matenga ya kamba, na barafu ilikuwa inayeyuka. Alikaa hapo, maji ya barafu yakimlowesha shati. Valvu ya pili iligonga njia nzima mpaka Bungu, naye hakusema neno.